Kusoma Mwendo wa Kuta za Moyo kwa Kipimo cha Eko

Katika kila pigo, ukuta wa moyo wenye afya husogea kuelekea ndani na papo hapo hunenepa. Kati ya mambo hayo mawili, la kuaminika zaidi ni kunenepa. Sehemu iliyokufa huweza kuburutwa na jirani yake iliyo hai ikaonekana inatembea, lakini haiwezi kunenepa. Ndiyo maana katika kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, jicho la mpimaji hufuata utando wa ndani wa chumba cha chini cha kushoto, halafu hurudi kwenye unene wa ukuta wenyewe. Ukuta huo kwa kawaida huwa na milimita 6 hadi 10 moyo unapolegea, na unapobana huongezeka kwa zaidi ya asilimia 30.

Mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, ili moyo usogee karibu na mbavu. Akishusha pumzi na kutulia kidogo, pafu hupisha na picha hung'aa. Kosa la kawaida hutokea hapa: kifaa cha kupimia kikiwekwa kifuani juu kidogo ya ncha halisi ya moyo, mawimbi yake hukata chumba mshazari. Ncha huonekana fupi, nene na yenye nguvu, hata kama imekufa kabisa. Kushuka nafasi moja ya mbavu hubadilisha majibu yote.

Chumba cha kushoto hugawanywa sehemu 16, na kila moja hupewa alama: 1 inayobana vizuri, 2 iliyodhoofu, 3 isiyobana, 4 inayotoka nje wakati wenzake wanaingia ndani. Wastani wa alama ukiwa 1, moyo una afya.

Alama hizo hupata maana zikitazamwa zimekaaje. Mshipa wa moyo ukiziba, udhaifu hufuata eneo la mshipa huo. Misuli ikiugua yenyewe na moyo kutanuka, kuta karibu zote hudhoofika, ingawa si kwa kiasi sawa, na chumba huwa mviringo kama mpira. Ugonjwa wa takotsubo, uliopewa jina la chungu cha Kijapani cha kunasia pweza, huvimbisha ncha huku sehemu za juu zikibana kwa nguvu, na hauheshimu mpaka wa mshipa mmoja.

Mfano unaostahili kukaziwa zaidi Afrika Mashariki ni ugonjwa wa makovu ya utando wa ndani wa moyo, ulioelezwa na J. N. P. Davies nchini Uganda mwaka 1948. Katika magonjwa mengine, damu huganda ndani ya chumba juu ya ukuta uliolala. Katika huu, ncha imejaa kovu na damu iliyoganda, lakini ukuta ulio nyuma yake bado unabana. Asiyetazama kunenepa kwa ukuta huo ataandika ugonjwa usio wenyewe.

Kwa mama ambaye moyo wake umedhoofika kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi 5 baada ya kujifungua, huku sehemu ya damu ya chumba cha kushoto inayosukumwa kila pigo ikishuka chini ya asilimia 45, kipimo kimoja hakitoshi. Wengi hupona, hivyo picha hurudiwa kwa pembe zilezile, shinikizo la damu likiandikwa pembeni, maana likipanda, moyo uleule huonekana dhaifu zaidi.