Sauti ya Mungu katika Mambo ya Kila Siku



Mkristo anapouliza, "Nitajuaje kwamba ni Mungu anayesema nami?" haulizi jambo jepesi. Katika pwani hii ya Kilwa na Lindi swali hilo limekwisha kugharimu maisha ya watu wengi. Kwa hiyo inafaa lijibiwe kwa kiasi na kwa kicho.

Kabla ya vita vya mwaka 1905, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alitangaza kwamba amejiwa na roho aitwaye Hongo. Watu walitoka mbali kwenda kupokea dawa ya maji ambayo ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji matupu. Haifai kuwacheka. Walikuwa wametwishwa kodi, viboko, na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba ambayo hayakuwapa kitu. Kilio chao kilikuwa cha haki, na Mungu wa kitabu cha Kutoka hukisikia kilio cha namna hiyo. Mwezi wa Julai Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita vikaendelea hadi mwaka 1907. Wajerumani walitaja idadi ya watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuteketezwa. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, alimwonyesha shujaa wake mwenyewe akihangaika na swali hili hili: neno lile lilitoka wapi?

Wala Mkristo asidhani kwamba hatari hiyo ni ya wale tu wasio na Biblia. Tarehe 15 Mei 1525, huko Frankenhausen nchini Ujerumani, mhubiri Thomas Müntzer, msomi wa Maandiko, alisimama pamoja na wakulima walioonewa na mabwana zao. Inasimuliwa kwamba aliahidi kuzidaka risasi kwa mikono ya joho lake, na kwamba upinde ulipoonekana angani aliuhesabu kuwa ishara ya ushindi. Maelfu ya wakulima waliuawa siku ile. (Luther naye mwaka huo aliandika maneno makali mno juu ya wakulima, ambayo Kanisa halina sababu ya kuyatetea.)

Hata hivyo, katika Makala ya Schmalkalden ya mwaka 1537 Luther alimtaja Müntzer kwa jina, akafundisha kwamba Mungu humpa mtu Roho wake kwa njia ya Neno la nje. Neno la nje ni Neno linalomfikia mtu kutoka kinywani mwa mwingine: linasomwa, linahubiriwa, linaguswa katika Ubatizo na kuonjwa katika Chakula cha Bwana. Mtu hawezi kulificha wala kulifanya mali yake. Jirani yake amelisikia vilevile, naye anaweza kumwambia, "Ndugu, sivyo ilivyoandikwa." Ikumbukwe pia kwamba maji ya Ubatizo hayamwahidi mtu kwamba risasi haitampata. Paulo, katika Warumi sura ya 6, anasema kwamba yanamuunganisha na mauti ya Kristo, na kwa njia hiyo na uzima wake.

Ipo habari nyingine ya pwani hii isiyo na kishindo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Waanglikana, yule aliyelitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili, alitoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Walishuka Lindi, wakaanza safari ya miguu kuelekea upande wa Ziwa Nyasa. Huo ndio mpango uliokuwa umeombewa. Walipofika Masasi waliona nchi njema yenye rutuba, nao wakataka kukaa papo hapo. Hakuna aliyeota ndoto wala kuona upinde. Askofu alikuwa na mpango wake. Watu walikuwa na miguu yao, macho yao, na ujuzi wa jembe. Naye akawasikiliza. Watu waliokuwa wameuzwa kama bidhaa walipewa nafasi ya kusema wanapotaka kuishi, na kiongozi wa Kanisa akalipokea neno lao. Pengine huo ndio unabii mkubwa kuliko yote uliosikika katika njia ya Lindi mwaka ule, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Na uongozi huo haukuwa kinga. Mwezi wa Septemba 1882 Wangoni waliivamia Masasi; watu waliuawa, wengine walichukuliwa mateka. Je, basi Masasi ilikuwa kosa? Anayepima sauti ya Mungu kwa usalama unaofuata atajibu ndiyo, na kwa kipimo hicho msalaba nao utakuwa kosa. Waumini wa Masasi hawakujibu hivyo. Kazi iliendelea, na mwaka 1926 Masasi ikawa makao ya dayosisi.

Katika maisha ya kila siku mambo haya ni ya kawaida sana. Mwalimu wa Kilutheri kutoka nyanda za juu anapokea barua ya uhamisho kwenda Kilwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari hiyo ilimaanisha pia kungoja kivuko cha Ndundu, penye mto Rufiji, na mvua zikizidi, kungoja sana. Anaomba Mungu amwonyeshe kama barua ile imetoka kwake. Anafika, nyumba haina dari, jirani ni Mwislamu, mjane, na mtoto wa jirani hajui kusoma. Jioni ya kwanza mtoto anasimama mlangoni na daftari. Mwalimu yule alikuwa ameuliza swali lake kwa miezi kadhaa, akitazamia jibu moyoni mwake, nalo limekuja kutoka nje, likiwa miguu pekupeku, likimwamkia shikamoo.