Mtoto Mshitakiwa na Umbali wa Mahabusu: Hali ya Tabora na Njia ya Reli ya Kati



Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mahabusu ya watoto humhifadhi shauri lake likiendelea. Shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo mkoani Mbeya, humpokea baada ya uamuzi wa mahakama. Kifungu cha 119 kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Haya sote tunayafahamu, hivyo sitayarefusha.

Tatizo ni umbali. Kwa miaka mingi mahabusu za watoto zimekuwa Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo kwenye reli ya kati kuanzia Dodoma hadi Kigoma. Tabora, walipokutana wapagazi wa Bagamoyo, Ujiji na Karagwe, bado ni njia panda: reli iliyofika hapa 1912 inagawanyika kwenda Mwanza na Kigoma, na kutoka Kaliua kuna tawi la Mpanda. Mtoto anayekamatwa stesheni kwa tuhuma ya kuiba simu huenda mzazi wake yuko Uvinza au Mpanda. Kosa linadhaminika, lakini wa kumdhamini hayupo. Umri wake ukikadiriwa kwa macho na kuandikwa 18 kwenye hati ya mashtaka, anaingizwa mahabusu ya wakubwa. Ripoti ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ya 2011 ilionyesha kuwa watoto walishikiliwa pamoja na watu wazima. Huko mtoto hulala sakafuni katikati ya wakubwa, hasomi wala hatembelewi. Siku ya shauri hupandishwa karandinga, husimama mbele ya hakimu kwa dakika chache, huambiwa upelelezi haujakamilika, kisha hurudishwa. Adhabu ambayo sheria imeikataza baada ya hukumu, anaitumikia kabla ya hukumu.

Wapo wanaoshauri apelekwe Mbeya. Ushauri huo unamtenga na wakubwa, lakini unamtenga pia na wazazi, ilhali ibara ya 37 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inalinda mawasiliano yake na familia. Tena kila shauri linapotajwa panahitajika gari, mafuta na msindikizaji. Vikikosekana, shauri linaahirishwa. Wengine wanahofu kwamba akiachiwa kwa dhamana atatoroka. Hofu hiyo ina uzito katika tuhuma za mauaji, lakini haitoshi kumzuia aliyeshitakiwa kwa wizi wa simu. Wapo pia wanaosema bajeti haitoshi, lakini kumlisha na kumlinda mtoto kwa miezi nako kuna gharama, nazo zinalipwa na Serikali hiyohiyo.

Kwa heshima, napendekeza:

1. Mahabusu ya watoto ijengwe Tabora, ihudumie mikoa ya magharibi.
2. Afisa ustawi wa jamii aitwe kituoni mara mtoto anapokamatwa.
3. Halmashauri ziandae orodha ya walezi waliothibitishwa, wa kumpokea mtoto asiye na mdhamini.
4. Umri wenye shaka uchunguzwe na mahakama kabla mtoto hajapelekwa popote.
5. Mashauri ya watoto walio mahabusu yapewe kipaumbele katika upelelezi.
6. Gharama za usafiri wa wazazi na watoto zitengewe fungu.
7. Wakati ujenzi ukisubiriwa, mtoto asiye na mdhamini asipelekwe gerezani. Akabidhiwe mlezi aliye kwenye orodha.

Pendekezo la kwanza linahitaji fedha nyingi na muda. La pili, la tatu na la nne yanaweza kuanza kwa maofisa, mahakama na sheria tulizonazo sasa, na ndiyo ninayoiomba semina hii iyapitishe leo.