Faru wa Mkomazi: Idadi Pekee Haitoshi

Kwa msikilizaji aliye Hedaru, Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi iko nyuma ya milima ya Upare. Majangili waliwamaliza faru weusi huko, na ni mwaka 1997 ndipo walipoletwa wanne kutoka Addo, Afrika Kusini. Ajabu ni kwamba faru hao asili yao ni Kenya. Wazee wao walihamishiwa kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye wakaja wengine kutoka bustani za wanyama za Jamhuri ya Cheki na Uingereza.

Kwa nini kuwafuata mbali hivyo? Faru wachache wakikaa ndani ya uzio mmoja, haupiti muda kaka anampanda dada, na kasoro zilizojificha kwenye damu zinajitokeza kwa ndama. Kinyesi tu chaweza kumwonyesha mtaalamu wa vinasaba nani ni mtoto wa nani, na dume yupi ahamishwe.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha ulinganisho wa vinasaba vya faru weusi wa makumbusho na walio hai. Kati ya nasaba 64 za upande wa mama, 44 zilikuwa zimepotea.

Sisi tunashangilia idadi. Ndama akizaliwa, mimi ningeuliza kwanza baba yake ni nani.

Tembo, kwa bahati, hawasubiri kusafirishwa kama faru. Wanavuka wenyewe kati ya Mkomazi na Tsavo, huko wanachanganya damu bila kumgharimu mtu, almuradi mapito yao yasigeuzwe mashamba.