Kabla ya Kulaumu, Pima

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya jambo moja, nalo ni kulaumu. Nitaanza na habari ya gari.

Wengi wenu mnapajua Kisian. Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia, ukapita uwanja wa ndege na soko la Otonglo, unafika mahali njia zinapogawanyika. Moja inapanda kwenda Maseno, na nyingine inashika kushoto kwenda Bondo hadi Usenge, ufuoni mwa ziwa. Kwenye njia panda hiyo gari langu lilizimika, na papo hapo mimi nilitenda kosa.

Gari hilo nililinunua likiwa limekwisha kutumika, na dereva wake alikuwa kijana wa marehemu kaka yangu. Alibeba watu na mizigo ya kukodi, na sehemu ya mapato ilikuwa karo yake ya chuo. Siku hiyo nilikuwa nimeketi kando yake. Gari likakohoa mara mbili, likafa. Akajaribu kuliwasha, injini ikazunguka vizuri, lakini haikushika. Tukangoja karibu nusu saa, likawaka. Tukasogea kidogo tu, likafa tena.

Nikamwuliza, "Umetia mafuta gani?"

Akajibu, "Petroli, baba mdogo. Niliijaza jana mjini."

Sikumwamini. Nilikuwa nimesikia mengi juu ya petroli inayochanganywa na mafuta ya taa, na kweli jambo hilo limepata kuisumbua nchi yetu. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili watu wasiyatumie kughushi petroli na dizeli. Basi nikajiundia hadithi kichwani: kijana amenunua mafuta ya magendo, na fedha zilizobaki amezitia mfukoni. Nikamwita mwizi mbele ya vijana wa bodaboda na akina mama wauza ndizi. Nikamnyang'anya ufunguo. Hakusema neno. Alichukua koti lake, akapanda matatu, akaenda kwa mama yake.

Mtu mmoja akaniitia fundi, mzee mtaratibu. Nikamwambia, "Fundi, mafuta ni mabaya. Mwaga, kisha badilisha pampu." Akanitazama, akasema, "Mwalimu, tupime kwanza. Ukibadilisha kitu kizima, ubovu unabaki na fedha zinakwenda."

Kwanza alichukua tone la petroli yetu, akalidondosha juu ya karatasi nyeupe. Likakauka, na karatasi ikabaki safi. Akasema, "Kama lingekuwa na mafuta ya taa, lingeacha doa la mafuta." Ndugu zangu, kwa tone moja mashtaka yangu yalianza kuanguka. Lakini fundi alikuwa bado hajamaliza.

Akanieleza kwamba magari ya siku hizi, yasiyo na kabureta, yana pampu ya umeme ndani ya tangi. Katika magari mengi, kati ya kompyuta ya injini na pampu hiyo kuna kisanduku kidogo, nacho ndicho moduli ya kudhibiti pampu. Kompyuta inatoa amri, nacho kisanduku kinaipimia pampu umeme: mwingi gari linapopanda mlima, kidogo linapokwenda polepole. Kisanduku kikifa, pampu nzima inanyamaza, na tangi lililojaa halina faida.

Akaunganisha mashine ya kusomea makosa, ikaandika P0627. Nikasema, "Basi ni pampu!" Akatikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Alama hii inasema njia ya umeme inayoitawala pampu ina hitilafu. Haikutaja mwenye kosa. Inatuonyesha mahali pa kutafuta."

Akaanza kutafuta kwa utaratibu. Betri ilikuwa nzima. Fyuzi ilikuwa nzima, na rilei pia. Akafungua ubao wa kando ndani ya buti, mahali kisanduku kilipofungwa, akaweka mita. Volti 12 zilikuwa zikiingia, na amri ya kompyuta ilikuwa ikifika, lakini hakuna umeme uliotoka kwenda kwenye pampu. Akauangalia waya wa athi, ule unaofungwa kwenye mwili wa gari, akaukuta umeliwa na kutu. Hata hapo hakuwa na haraka. Aliweka waya mwingine wa athi kwa muda, akapima tena. Bado hakuna kitu. Mwisho akaipelekea pampu umeme moja kwa moja, nayo ikaunguruma. Akanionya kwamba jambo hilo si la kujaribiwa na asiyejua, kwa maana petroli na cheche havikai pamoja.

Hapo tu ndipo aliposema, "Sasa tumejua. Pampu ni nzima, mafuta ni safi. Kilichokufa ni kisanduku."

Akakifungua. Ndani mlikuwa na unyevu, na miguu ya waya imeota kutu ya kijani. Akanusa, akainua zulia la buti. Chini yake palikuwa na maji. Akauliza kwa upole, "Mwalimu, ni nani abebaye samaki humu?"

Wapenzi wasikilizaji, sikuwa na la kujibu. Kila Jumamosi mimi mwenyewe nilikuwa nikilichukua gari kwenda Usenge, nikijaza buti samaki wabichi waliopangwa katika barafu. Maji yaliyowaangukia wale samaki yalitiririka taratibu mpaka kwenye kisanduku. Kijana alikuwa amepata kuniambia, "Baba mdogo, tutafute beseni." Nikamwambia asinifundishe kazi.

Labda wewe unayenisikiliza unamkumbuka mfalme Daudi katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 12. Nabii Nathani alimletea habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu ya kifo. Kisha Nathani akamwonyesha kwamba mtu huyo ni yeye Daudi. Fundi yule hakuwa nabii, lakini swali lake moja lilinifikisha mahali alipofika Daudi.

Mara ngapi tunafanya hivyo katika nyumba zetu na katika makanisa yetu? Fedha za sadaka hazilingani, nasi tunamtaja mweka hazina kabla ya kuhesabu upya. Mtoto anashindwa mtihani, nasi tunamwita mvivu kabla ya kuuliza kama alikula. Tunaona dalili, tunachagua mtu, tunamwondoa, nao ubovu unabaki pale pale ukitungoja. Lawama ni rahisi kwa sababu haitaki mita wala karatasi nyeupe. Kupima kunataka subira, tena kunaweza kumrudia mpimaji.

Fundi alinituma Kisumu na kisanduku cha zamani mkononi, nikatafute chenye namba ile ile. Nikakipata. Akafungua waya wa hasi wa betri, akausugua mwili wa gari mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya wa athi upya. Akakausha buti, akaweka kisanduku kipya juu zaidi, pasipofika maji. Akasema, "Ukikiweka kipya katika maji yale yale, tutaonana tena." Neno hilo ni la toba pia. Kusema "nimekosa" na kuacha maji yale yale yakiendelea kutiririka si toba. Akaifuta ile alama, tukapanda naye mlima wa Maseno na kurudi, akasoma mashine tena. Haikuandika kosa lolote.

Kazi ya fundi ilikwisha, yangu ikabaki. Nilikwenda kwa shemeji yangu, nikamwambia kijana ukweli wote. Nikamwomba arudi nami Kisian, kwa sababu nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu, na msamaha wa faraghani usingetosha. Pale njia panda, mbele ya bodaboda na akina mama wale wale, nikasema, "Huyu si mwizi. Mwenye kosa ni mimi." Nikamrudishia ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema tu, "Basi twende, baba mdogo." Beseni la samaki tulilinunua siku ile ile.

Ndugu msikilizaji, je, yuko mtu uliyemhukumu bila kupima? Usingoje. Mwendee leo, na kama ulimwaibisha hadharani, msafishe hadharani.

Na tuombe. Ee Bwana, utuchunguze sisi kwanza. Utupe subira ya kutafuta ukweli, na ujasiri wa kuukubali unapotuelekea wenyewe. Uwainue wote walioshtakiwa bure, na utupe miguu ya kuwaendea. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.