Kosa la Mtu au Kosa la Mashini?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Msemaji ni mfanya kazi wa reli na mwanachama wetu.)



Mimi si mtu wa masomo makubwa. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, nikajua kusoma, kuandika na hesabu, na mengine nimeyapata kazini na katika vitabu vya kuazima. Kwa hiyo mkinisikia nikitaja wataalamu wa Ulaya na Marekani, msidhani ninajivuna. Nilizitafuta habari hizi kwa sababu jambo lenyewe liliniuma mimi mwenyewe.

Neno langu la leo ni hili. Mfanya kazi akikosea mbele ya mashini, tusikubali aandikiwe barua kabla mashini yenyewe haijachunguzwa. Na mashini mpya ikitaka kuletwa, yule atakayeitumia aitwe aijaribu kabla haijanunuliwa.

Kabla sijaandikwa reli nilikuwa karani katika ghala moja ambalo sitalitaja jina. Kazi yetu ilikuwa kuandika mizigo katika kompyuta. Chini ya kioo palikuwa na vifungo viwili, vya rangi moja na ukubwa mmoja, vimekaa bega kwa bega. Kimoja kilikuwa cha kuhifadhi kazi yako, cha pili cha kuifuta. Usiku mmoja, yapata saa tisa, nilimaliza kuandika mizigo ya lori zima. Nikabonyeza. Kioo kikawa cheupe. Hakikuniuliza kama nina hakika, wala hakikunipa njia ya kurudi. Mizigo ilichelewa, mwenye mali akalalamika, na asubuhi nikaitwa nikapewa barua ya kusema mimi ni mzembe. Nikakatwa mshahara wa siku 3. Nilitia sahihi bila kugombana, maana nilijiona mzembe kweli. Mwezi ule karo ya mtoto ilichelewa.

Baadaye mwenzangu wa zamu ya mchana akafuta vile vile. Kisha akafuta wa tatu. Watu watatu, barua tatu, na vile vifungo viwili vikabaki pale pale. Ndipo nilipoanza kujiuliza: watu watatu wenye tabia mbalimbali wawezaje kuwa na uzembe wa namna moja, mahali pamoja, kwa kidole kile kile?

Ndugu zangu, swali hilo lilikwisha kuulizwa zamani, na iko elimu nzima iliyotoka humo. Ni elimu ya kutazama jinsi mtu na mashini wanavyosemezana. Sehemu ya mashini ambayo mtu anaiona na kuigusa, kama vile taa, vifungo, kioo na sauti, waandishi wa siku hizi huiita kiolesura. Mimi nitaiita uso wa mashini, ili tuelewane.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilikuwa na ndege za mabomu zilizoitwa B-17. Ilitokea mara nyingi kwamba rubani hodari ametua salama, ndege ingali inakimbia uwanjani, kisha anakunja magurudumu, na ndege inalala kwa tumbo. Wakubwa waliandika kwamba ni kosa la rubani. Mtaalamu mmoja wa saikolojia, Alphonse Chapanis, akaenda kutazama mahali anapokaa rubani. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya flapu, yaani vile vibao vya bawa vinavyosaidia ndege kutua, zimekaa karibu karibu na zinafanana. Rubani alitaka kukunja flapu, mkono ukashika magurudumu. Dawa yake ilikuwa ndogo. Swichi ya magurudumu ilitiwa kichwa cha mpira chenye umbo la gurudumu, na ile ya flapu ikatiwa kichwa chenye umbo la kabari. Hata gizani mkono ulijua umeshika nini. Mpaka leo katika ndege kubwa mkono wa magurudumu una umbo la gurudumu. Na mwaka wa 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichunguza visa 460 vilivyoitwa makosa ya marubani, wakaonyesha kwamba vingi vilitokana na jinsi vyombo vilivyotengenezwa na kupangwa.

Sasa nije kwenye kazi yetu ya reli. Tarehe 5 Oktoba 1999, mahali paitwapo Ladbroke Grove, karibu na stesheni ya Paddington mjini London, treni mbili za abiria ziligongana uso kwa uso. Watu 31 walikufa, wakiwamo madereva wote wawili, na zaidi ya 400 waliumia. Dereva mmoja alikuwa amepita signali nyekundu, namba SN109. Alikuwa amefaulu mtihani wa udereva wiki mbili tu kabla ya siku hiyo.

Ingekuwa rahisi kusema dereva alikosa, naye amekufa, basi mambo yamekwisha. Lakini ilifanywa tume chini ya jaji Lord Cullen, na mambo yakafunuka. Signali ile ilikuwa ngumu kuonekana. Tena ilikuwa imepitwa ikiwa nyekundu mara 8 katika miaka sita iliyotangulia. Mara nane kabla yake! Tazameni pia honi ya kuonya iliyokuwa ndani ya kibanda cha dereva. Signali ikiwa ya kijani, ililia kengele. Ikiwa ya manjano, ililia honi. Ikiwa nyekundu, ililia honi ile ile. Dereva akibonyeza kifungo kuonyesha kwamba amesikia, treni iliendelea. Mtu anayepita njia yenye treni nyingi hukuta manjano mara nyingi kwa siku moja, naye hubonyeza, hubonyeza, mpaka mkono unazoea. Sauti ya kusema "angalia" na sauti ya kusema "simama, mauti iko mbele" zilikuwa sauti moja.

Mfano mwingine ni wa kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, katika Pennsylvania, Marekani, tarehe 28 Machi 1979. Vali moja ilikwama wazi, na maji ya kupoza mtambo yakawa yanatoka. Lakini taa iliyokuwa mbele ya wafanya kazi ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imepelekwa. Haikuonyesha kama vali imefunga kweli. Taa ilipozima, wao waliamini vali imefunga, na zaidi ya saa mbili zikapita kabla haijatambuliwa. Wazee wetu wa signali hawahitaji kufundishwa jambo hili. Wanajua kwamba kuvuta liva kibandani ni jambo moja, na mkono wa signali kushuka kule nje ni jambo lingine. Uso wa mashini ukimwambia mtu habari ya amri badala ya habari ya kitu chenyewe, unamdanganya.

Na mfano wa hapa Kenya mnao mifukoni. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, mtu aliandika namba, akatuma, na jina la mpokeaji akalisoma katika ujumbe, pesa zikiwa zimekwisha kwenda. Siku hizi jina linatokea mbele yako kabla pesa hazijaondoka, nawe una nafasi ya kusimamisha. Vidole vyetu ni vile vile. Kilichobadilika ni uso wa mashini.

Mtu atauliza: haya yanahusu nini chama cha wafanya kazi? Si kazi ya mainjinia? Nitamjibu kwa habari za wenzetu. Katika Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1970, chama cha wafanya kazi wa chuma kilishirikiana na mtaalamu wa kompyuta, Kristen Nygaard, ili wanachama wajifunze wenyewe kompyuta zitageuza nini katika kazi yao. Mwaka wa 1975 shirikisho la vyama vyao lilipatana na waajiri kwamba wafanya kazi wapewe habari na wasikilizwe kabla mitambo hiyo haijaingizwa kazini.

Kisha, kutoka mwaka wa 1981 mpaka 1985, wafanya kazi wa upigaji chapa wa Sweden na Denmark, pamoja na wasomi wa kompyuta, walifanya kazi iliyoitwa UTOPIA. Walitaka kompyuta ya kupanga kurasa za magazeti ambayo haitaua ufundi wao. Kwanza wasomi walileta maelezo na michoro yao, na mafundi hawakuambulia kitu. Basi wakaacha hayo, wakachukua makaratasi, mbao na maboksi ya kadibodi. Boksi tupu likaandikwa kwamba ni mashini ya kuchapa. Karatasi zikawa vioo vya kompyuta. Fundi akakaa pale akafanya kazi yake ya kila siku, na kila alipokwama wote waliona mahali penyewe. Boksi la kadibodi, ndugu zangu! Basi asije mtu kutuambia kwamba kusikiliza wafanya kazi ni gharama kubwa.

Najua liko jambo litakalosemwa juu yetu. Watasema, "Hawa wanatafuta pa kuficha wavivu." Hapana. Mtu akija kazini amelewa, au akilala zamuni, chama hakina neno la kumtetea, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini kosa linalorudiwa na watu wengi mahali pale pale si tabia ya mtu mmoja. Ukimfukuza huyu na kumweka mwingine, umebadilisha jina katika barua tu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mashauri matatu mbele ya mkutano.

La kwanza, mwanachama akipewa barua ya kosa la mashini, asitie sahihi ya kukubali kabla hajamwona mwakilishi wa chama. Mwakilishi naye aulize: Mtu alionyeshwa nini? Vitu viwili vilifanana? Palikuwa na njia ya kurudi? Na je, mwingine amewahi kukosa hapo?

La pili, kila mahali pa kazi pawe na daftari la chama la kuandika makosa na yale yaliyonusurika, bila kutaja jina la mtu. Ile SN109 ilikuwa imepitwa mara nane kabla ya ajali. Daftari letu likionyesha hata mara mbili tu, tusingoje ya tatu.

La tatu, tuwaombe waajiri kwamba kompyuta au mtambo mpya ujaribiwe na wale watakaoutumia, katika zamu ya usiku pia, na kwa mikono yenye glavu kama ndivyo kazi ilivyo, na maneno yake yawe katika lugha wanayoisoma upesi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi ndio tunaolalia hiki, na tusiposema, hakuna atakayejua.

Ile barua yangu ya ghalani ninayo mpaka leo. Nimeisoma mara nyingi. Ina jina langu, tarehe, na neno uzembe mara mbili. Habari za vile vifungo viwili hazimo. Mwanachama wa tawi hili asitie tena sahihi kwenye barua ya namna hiyo akiwa peke yake.