Datsun ya Safari Iliyogeuka Mali

Datsun 240Z, gari la kasi la milango miwili na injini ya silinda 6, liliingia sokoni Marekani mwishoni mwa 1969 kwa takriban dola 3,500. Afrika Mashariki jina lake lilijengwa na vumbi na tope, na mashindano ya magari ya Safari Rally hayakuwa lelemama: Edgar Herrmann alishinda nalo 1971, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, 1973. Baadaye kutu ikala bodi, mengi yakaishia skrepa. Yaliyosalia yakapanda bei. Januari 2020 moja liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Lakini Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, rafu za spea zimejaa za Toyota. Mwenye 240Z huagiza zake Japani.