Mjumbe Arudi kwa Waliomtuma: Hesabu ya Sheria na Fedha Katika Jimbo la Nebraska



Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi. Maana yao ni kwamba achukuaye ujumbe asilaumiwe kwa maneno aliyopewa apeleke. Lakini yuko mjumbe wa namna nyingine, yule tumpigiaye kura ili aende Barazani kusema kwa niaba yetu. Huyo naye hauawi, ila ni lazima aulizwe. Umefanya nini? Sheria gani zimepitishwa? Fedha zetu zimekwenda wapi?

Leo napenda kusema nanyi juu ya maswali hayo matatu, na mfano wangu nitautoa mbali, katika jimbo la Nebraska, lililo katikati ya nchi ya Marekani. Nimelichagua jimbo hilo kwa sababu wengi wa wenyeji wake wa mashambani ni watu wa mahindi na ng'ombe, na kwa sababu neno linalowagombanisha ni neno tulifahamulo sana: nani alipe gharama za shule, na alipe kiasi gani.

BARAZA MOJA TU

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina Baraza lake la Kutunga Sheria, mbali na lile la nchi nzima lililoko Washington. Majimbo 49 yana mabaraza mawili mawili. Nebraska peke yake ina moja.

Zamani nayo ilikuwa na mawili, yenye wajumbe 133 kwa jumla. Mwaka wa 1934 Bwana George Norris, aliyekuwa Seneta wa Nebraska huko Washington, alizunguka jimbo kwa motokaa akiwaeleza watu ya kwamba mabaraza mawili ni gharama bure. Tena alisema kwamba mswada ukiharibiwa katika halmashauri ya faragha iliyo kati ya mabaraza hayo, mwananchi hawezi kujua ni nani aliyeuharibu. Watu wakapiga kura, wakakubali. Baraza jipya lenye wajumbe 43 likakutana mara ya kwanza Januari 1937.

Hesabu ilionekana upesi. Mkutano wa mwisho wa mabaraza mawili, mwaka wa 1935, ulichukua siku 110, ukapitisha sheria 192, na gharama yake ilizidi dola 200,000. Mkutano wa kwanza wa Baraza moja ulichukua siku 98, ukapitisha sheria 214, na gharama yake ilikuwa kama nusu ya ile ya kwanza.

Sisi wa Kenya si wageni wa shauri hili. Tulikuwa na Seneti tangu mwaka wa 1963 hata ilipounganishwa na Baraza jingine mwishoni mwa mwaka wa 1966. Tangu hapo tulikaa na Bunge moja mpaka uchaguzi wa 2013, Seneti iliporudi kwa amri ya Katiba ya 2010.

MJUMBE NI NANI?

Siku hizi wajumbe wa Nebraska ni 49, na kila mmoja huitwa Seneta. Kila Seneta husema kwa niaba ya watu wapatao 40,000. Jina la chama chake haliandikwi katika karatasi ya kura. Akichaguliwa hukaa miaka minne, na baada ya vipindi viwili mfululizo hana budi kupumzika.

Mshahara wake ni dola 12,000 kwa mwaka, yaani dola 1,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kiliwekwa na wananchi wenyewe kwa kura mwaka wa 1988, na Baraza halina mamlaka ya kukiongeza bila idhini yao. Kwa nchi ya Marekani hizo ni fedha kidogo. Kwa hiyo aghalabu Seneta ana kazi nyingine, au ni mtu aliyekwisha kustaafu. Wako wasemao kwamba jambo hili ni jema, maana humfanya mjumbe aishi kama watu wake. Wako pia wasemao kwamba humfungia mlango mtu maskini, ambaye hawezi kuacha kazi yake na kwenda Lincoln, mji mkuu wa jimbo, kwa miezi mingi. Pande zote mbili zina maneno ya haki.

Baraza hukutana siku 90 katika mwaka usiogawanyika kwa mbili, na siku 60 katika mwaka ugawanyikao. Wakati wa mkutano Maseneta wengi huandika barua katika magazeti madogo ya wilaya zao. Mkutano ukiisha, huzunguka vijijini na mijini kuwakabili watu na kujibu maswali. Hiyo ndiyo hesabu ninayoizungumzia.

JINSI SHERIA INAVYOPITA

Mswada huletwa katika siku kumi za kwanza za mkutano, kisha hupelekwa kwenye halmashauri inayohusika. Na hapa pana desturi njema: kila mswada hupewa siku ya kusikilizwa mbele ya watu. Mkulima, mwalimu au fundi aweza kuja, akaketi mezani, akataja jina lake, akasema kwamba anaukubali au anaukataa.

Ukitoka hapo mswada hujadiliwa mara tatu. Ili upite mwisho wahitaji kura 25 kati ya 49. Gavana akiukataa, Baraza laweza kuupitisha bila ridhaa yake kwa kura 30.

Kwa kuwa hakuna baraza la pili la kusahihisha makosa, watu wa Nebraska husema kwamba baraza lao la pili ni wananchi wenyewe. Maneno hayo si mapambo. Mwaka wa 2024 Baraza lilipitisha sheria ya kutoa fedha za Serikali ili kuwalipia watoto karo katika shule za watu binafsi. Wasioipenda walikusanya sahihi za wapiga kura, jambo likapelekwa katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo huo, na walio wengi wakaifuta sheria hiyo.

MAKISIO YA FEDHA

Makisio ya Nebraska ni ya miaka miwili miwili. Katika mwaka wa mkutano mrefu, Gavana huleta makisio yake mwezi wa Januari. Halmashauri ya wajumbe tisa huyachambua, fungu kwa fungu, huwaita wakuu wa idara zote, kisha huleta mashauri yake mbele ya Baraza. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kama wetu.

Jimbo haliwezi kutumia kuliko lipatavyo. Katiba yao, tangu karne ya 19, hairuhusu deni la jimbo kuzidi dola 100,000, ila kwa mambo machache kama barabara. Kiasi hicho zamani kilikuwa kikubwa, lakini leo hakitoshi hata kununua nyumba nzuri mjini. Kwa hiyo mapato yakipungua, hakuna kukopa: ama matumizi yapunguzwe, ama kodi iongezwe, ama Akiba ifunguliwe.

KODI YA ARDHI

Sasa tufike penye kidonda. Tangu wananchi walipopiga kura mwaka wa 1966, Serikali ya jimbo haitozi kodi ya ardhi na nyumba. Mwaka uliofuata iliweka kodi ya mapato na kodi ya mauzo. Kodi ya ardhi iliachiwa wilaya, miji na shule, na sehemu iliyo kubwa kuliko zote huchukuliwa na shule.

Natoa mfano, nao ni mfano tu. Tuseme mkulima ana shamba liwezalo kuuzwa kwa dola milioni moja. Shamba la kilimo hukadiriwa kwa asilimia 75 ya bei yake, yaani dola 750,000. Ikiwa kodi zote pamoja ni dola moja kwa kila dola mia, atalipa dola 7,500 kwa mwaka. Mvua ikinyesha atalipa, isiponyesha atalipa. Bei ya mahindi ikianguka atalipa. Na jirani yake akiuza shamba kwa bei ya juu, thamani ya shamba lake nalo hupanda kwenye daftari, ingawa hajapata hata senti moja zaidi mfukoni.

Lakini kodi hiyo ikipunguzwa bila kitu kingine kuwekwa mahali pake, mwalimu atalipwa na nani?

Mwaka wa 2023 Baraza lilijaribu kujibu swali hilo. Lilitenga dola bilioni moja katika Mfuko wa Elimu, likaamuru kila wilaya ya shule ipewe dola 1,500 kwa kila mwanafunzi, tena likaongeza msaada kwa watoto wenye mahitaji maalum. Katika mkutano huo huo lilipitisha sheria ya kupunguza kodi ya mapato hatua kwa hatua, ili kiwango cha juu kishuke kutoka asilimia 6.64 mwaka wa 2023 mpaka asilimia 3.99 mwaka wa 2027.

Watu hawakutosheka. Gavana Jim Pillen aliita mkutano wa dharura uliofanywa tangu tarehe 25 Julai mpaka tarehe 20 Agosti 2024. Yeye alitaka kodi ya ardhi ipunguzwe sana, na pengo lijazwe kwa kutoza kodi ya mauzo juu ya vitu vingi vilivyosamehewa. Baraza lilikataa sehemu kubwa ya shauri hilo. Lililopita lilikuwa dogo zaidi: wilaya na miji ziliwekewa mpaka wa kuongeza kodi, na nafuu ya kodi ya shule ikaandikwa moja kwa moja katika hati ya kodi ya mwenye ardhi. Kabla ya hapo alipaswa kuidai kwa kujaza karatasi, na wengi hawakuidai, kwa hiyo waliikosa haki yao.

MWAKA WA UPUNGUFU

Ilipofika mwaka wa 2025, makisio ya miaka miwili yalionyesha upungufu wa zaidi ya dola milioni 400. Kodi ya mapato ilikuwa inashuka, nayo Serikali imejitwika mizigo mipya. Waliopunguza kodi walisema kwamba nafuu hiyo itawavuta watu na biashara kuja Nebraska, na faida yake yataka muda. Waliowapinga walisema kwamba huwezi kupunguza maji ya mfereji na kuongeza mashamba ya kumwagilia kwa wakati mmoja. Mwisho Baraza lilipitisha makisio ya karibu dola bilioni 11 kwa miaka miwili, likapunguza hapa na pale, likachota katika mifuko mbalimbali na katika Akiba. Akiba haiozi, lakini ikichotwa bila kurudishwa, huisha.

Lilitokea pia jambo la kufundisha. Gavana alitaka kukata mafungu fulani katika makisio hayo. Katiba humpa siku tano, bila kuhesabu Jumapili. Lakini hati zake hazikufikishwa Barazani kama ilivyotakiwa kabla ya muda kwisha. Baraza likasema kwamba makato hayo hayana nguvu, na Gavana hakulipeleka jambo hilo mahakamani. Fedha zikabaki kama zilivyopitishwa. Kumbe sheria humfunga mkubwa kama imfungavyo mdogo, hata katika jambo la saa na kalenda.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, mjumbe akirudi kwenu, msiridhike na hotuba tamu. Muulizeni: Mswada huu ulipigiaje kura? Kodi hii ikipungua, ni mfuko gani utakaojaza pengo? Akiba imebaki kiasi gani? Naye mjumbe mwema hatakasirika, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lake ndilo litakalomtetea.

Juu ya mlango mkubwa wa nyumba ya Baraza huko Lincoln yamechongwa maneno katika jiwe, ambayo kwa lugha yetu maana yake ni hii: wokovu wa jimbo ni kukesha kwa raia. Mlinzi alalaye hana haki ya kumlaumu mwizi peke yake.